Makapi ya Mkonge Yana Thamani

Mtu wa Mashewa, wilayani Korogwe, hahitaji kufundishwa mkonge ni nini. Lakini kila mfanyakazi wa korona ajua kwamba katika kilo 100 za majani, nyuzi hazizidi kilo 4 au 5. Yaliyobaki ni makapi, nayo kwa miaka mingi yalitupwa. Katika miaka ya 2000 mtambo wa Hale, wilayani humo humo, ulionyesha kwamba makapi hayo hutoa gesi ya umeme.

Sasa wataalamu wasema zaidi. Mabaki ya viwanda yatokanayo na mimea yakichomwa katika tanuri lisiloingia hewa huwa kaboni, nayo yaweza kufanywa chembe ndogo mno, za kupimwa kwa nanomita, yaani milimita moja igawanywe mara milioni. Kiasi kidogo chake huipa plastiki nguvu. Kazi ngumu ni kuchanganya, kwani chembe zikigandamana plastiki hudhoofika.

Ajabu! Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa katani zaidi ya tani 200,000. Kisha kamba za plastiki zikateka soko, na mashamba mengi yakawa pori. Leo plastiki hiyo hiyo yaweza kuhitaji makapi yetu.

Twauliza: tanuri litajengwa wapi? Makapi yakisafirishwa ghafi, kama nyuzi zilivyosafirishwa, mfanyakazi wa Korogwe atabaki mkata majani. Lijengwe Tanga, na vijana wetu wafundishwe kuliendesha. Tena vumbi la kaboni halifai mapafuni: vifaa vya kujikinga viandikwe katika mkataba kabla tanuri halijawashwa.