Mgeni wa Rubondo, Jipange Kabla ya Kupanda Boti

Safari ya Chato siku hizi imekuwa nyepesi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 19, 2025, anayetoka Mwanza hapotezi tena saa nzima akingoja kivuko. Ndiyo maana wapo wanaopanga likizo ya kulala kisiwani Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria, na nawapongeza. Kinachoniudhi ni wale wanaofunga safari kana kwamba wanakwenda hoteli ya mjini, kisha lawama zote wakamtwisha mtunza nyumba ya wageni.

Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977. Hakuna kijiji kule, wala genge la nyanya. Ukiacha samaki, karibu kila kinachoingia chunguni kimevushwa na boti. Basi nunua mahitaji Chato mjini au Muganza kabla hujafika Kasenda kupanda boti: unga, mchele, mafuta, chumvi, tochi, na kiberiti, ambacho ndicho husahaulika kuliko vyote. Mwenye presha au kisukari asihesabu vidonge kwa siku alizopanga kukaa tu. Ziwa likichafuka boti haitoki, na ugonjwa hausubiri upepo utulie.

Nikitaja ziwa, nasema kwa uchungu. MV Bukoba ilizama Mei 1996, MV Nyerere ikapinduka Ukara Septemba 2018, na bado unamkuta mtu mzima amekalia jaketi okozi kama mto eti linamtoa jasho! Livae, mfungie na mtoto lake. Vuka asubuhi, maji yakiwa bado yametulia. Nahodha akisema leo hatuondoki, usimwonyeshe saa yako.

Ukishafika, msalimie mtunza nyumba kabla ya kumwagiza chochote, na kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake. Muulize maji ya kunywa ni yapi, umeme unazimwa saa ngapi, na mwisho wa kutembea usiku ni wapi. Hilo la mwisho si la mzaha, maana viboko hupanda nchi kavu gizani kula majani na hawampishi mtu njia. Kuoga ziwani usithubutu. Kuna mamba, na mwambao wa Ziwa Victoria unajulikana kwa kichocho.

Wengi huenda kwa ajili ya sokwe, nao wanastahili heshima ya pekee. Kati ya 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani na wenzake waliwaachia kisiwani sokwe 17 waliotoka Ulaya, wengine wakiwa wamekaa miaka katika vizimba vya bustani za wanyama. Hakuna aliyewafundisha namna ya kuishi porini. Walitafuta matunda wenyewe, wakatandika vitanda vyao juu ya miti, wakazaa, na wajukuu zao ni wanyama wa msituni kamili. Fikiri, ndugu yangu: sokwe aliyezoea kulishwa kizimbani alijitegemea, wewe uliyesoma unashindwa kubeba kiberiti?

Mafua yanayotupita sisi kwa siku tatu yanaweza kumuua sokwe. Kwa hiyo anayekohoa abaki nyumbani, hata kama amekwisha kulipia matembezi. Najua inauma. Lakini fedha hutafutwa tena.

Limebaki la takataka. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, lakini chupa za maji, makopo na pampasi bado tunavibeba wenyewe mpaka kisiwani. Ukivifukia, wanyama watavifukua. Ukivichoma, moshi wake utamkuta mgeni mwenzako na mabaki yatabaki palepale. Njoo na gunia tupu, ulijaze siku zote za kukaa kwako, na siku ya kuondoka lipakie kwenye boti pamoja na mabegi yako. Usimwachie mtunza nyumba.