Ndege Zimerudi, Yeye Je?

Mwezi huu nimepokea barua ya dada mmoja wa Dar es Salaam. Mchumba wake aliondoka mwaka 2019 kwenda Hamburg, Ujerumani, posa ikiwa imeshapokelewa na wazee. Hajarudi hata mara moja. Kila akiulizwa anakuja lini, jibu ni lilelile: "Ndege, mpenzi. Tangu Korona mashirika hayajakaa sawa, nauli haishikiki." Dada anauliza: aendelee kusubiri, au anapigwa changa la macho?

Swali zito, dada yangu, na sitakujibu kwa kukwambia tu "sikiliza moyo wako". Moyo haujui ratiba za ndege. Hebu tuzifuate ndege zenyewe, tuone maneno ya shemeji yetu yalikuwa kweli mpaka lini.

Aliposema kweli

Mwaka 2020 jamaa hakuwa na ujanja. Tanzania ilisimamisha safari za abiria za kimataifa tarehe 12 Aprili, ikafungua anga 18 Mei. Kenya ilifunga Machi na kufungua 1 Agosti. Ulaya nako milango ikabanwa. Dunia nzima, abiria walishuka kutoka kama bilioni 4.5 mwaka 2019 hadi kama bilioni 1.8. Madege makubwa yalipelekwa kulala kwenye maeneo makavu, Alice Springs kule Australia na Teruel kule Hispania, injini zimefunikwa kama gari la marehemu. Watu walikosa kuruka mpaka wakachanganyikiwa: Septemba 2020 shirika la Qantas liliuza tiketi za kuzunguka angani saa saba na kutua palepale Sydney, na zikaisha ndani ya dakika 10!

Lakini katika mwaka huohuo wapenzi hawakukaa kimya. Waliotenganishwa na mipaka walianzisha kampeni yenye jina tamu, "Mapenzi Si Utalii", na serikali zikasikia. Denmark ililegeza mapema. Ujerumani, kuanzia 10 Agosti 2020, iliwaruhusu wachumba wasiofunga ndoa kuingia nchini, mradi wathibitishe uhusiano wao na kwamba wameshawahi kukutana ana kwa ana. Dada, sisemi ungeweza kwenda siku hiyo. Ninachosema ni kwamba waliotaka kuonana walianza kutafuta mlango mapema.

Alipoanza kuchelewa

Mwaka 2021 na 2022 bado namtetea kidogo. Ndege si bodaboda kwamba unapiga kiki na kuondoka. Rubani anatakiwa awe ameruka na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90, la sivyo anarudishwa kwenye mashine ya mazoezi kabla ya kukabidhiwa abiria. Ndege iliyolala muda mrefu inakaguliwa upya. Na wafanyakazi waliopunguzwa hawakuwa wamekaa nyumbani wakisubiri simu, wengi walishapata kazi nyingine. Ndiyo maana kiangazi cha 2022 foleni pale Schiphol, Amsterdam, zilitoka hadi nje ya jengo, na Heathrow ya London ikaweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku.

Unajua nani aliyezirudisha ndege angani? Wengi tulidhani ni mabosi wa suti na laptopu. Hao walishagundua kwamba kikao kinaweza kufanyika kwenye skrini. Waliotangulia kurudi kwenye viti ni watu wa likizo na watu wanaokwenda kuona ndugu, watoto na wapenzi wao. Mama hawezi kumbeba mjukuu kwenye skrini.

Kisingizio kilipoisha

Januari 2023 China ilifungua mipaka yake, na Mei mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatangaza mwisho wa dharura ya Korona. Mwaka 2024 safari za abiria duniani zilipita kiwango cha 2019. Kwa hiyo, shemeji, kuanzia hapo habari ya "mashirika hayajakaa sawa" haiwezi kubeba miaka yote hii.

La nauli, hapo ana nusu ya haki. Watu walirudi haraka kuliko ndege. Boeing na Airbus zimechelewa kukabidhi ndege mpya, na baadhi ya injini zikaleta matatizo. Hata Air Tanzania iliwahi kupaki Airbus zake kwa sababu ya injini. Mwaka 2024 viti 83.5 kati ya kila 100 vilijaa, rekodi kwa wakati huo. Viti vikijaa hivyo, tiketi ya bei chee ya dakika za mwisho utaisikia kwa jirani. Ila nauli kubwa ni jambo la kupangiwa bajeti. Haiwezi kuwa jibu la miaka yote.

Mashirika yalijiokoaje?

Ethiopian Airlines ilipokosa abiria iling'oa viti kwenye ndege kadhaa, ikapakia mizigo, dawa na vifaa vya hospitali. Ndege zilezile, kazi nyingine. Lufthansa ya hukohuko Ujerumani ilipewa na serikali msaada wa hadi euro bilioni 9, na kufikia Novemba 2021 ikawa imesharudisha fedha ilizochukua. Kenya Airways ilipata hasara ya shilingi za Kenya bilioni 36 mwaka 2020, ikahangaika, ikapata faida ya bilioni 5.4 mwaka 2024, ya kwanza baada ya miaka 11. Nusu ya kwanza ya 2025 ikaanguka tena, hasara zaidi ya bilioni 12, kwa sababu baadhi ya ndege zake kubwa zilikuwa chini zikisubiri matengenezo. Kupona kuna kupanda na kushuka, jamani. Lakini unaona kitu? Wote hawa walitoa hesabu hadharani, tena hata zile za aibu.

Sasa dada yangu, hicho ndicho unachopaswa kudai. Hesabu.

Kwanza, mwambie ataje mwezi. Asiutaje Desemba wala Julai, nauli huwa juu. Achague miezi ya katikati na mkate tiketi mapema.

Pili, fungueni kibubu cha nauli, kila mmoja aweke kila mwezi kulingana na kipato chake, na kila mmoja aone salio. Mtu asiyetaka kuja hataki kibubu. Na kabla ya kulipa, soma masharti ya kurudishiwa pesa. Wengi mwaka 2020 walitaka pesa zao wakapewa vocha.

Tatu, na hili lisikilize kwa utulivu: muulize kama ana jambo linalomtia aibu. Wapo vijana wetu ughaibuni ambao makaratasi yao hayajakaa sawa, wakitoka hawaruhusiwi kurudi. Wengine kazi iliyumba kipindi cha Korona, wanaona haya kutua Dar bila mabegi ya zawadi wakati mtaa mzima unamsubiri "mtu wa Ulaya". Kwa mtu wa hivyo, kusema "ndege" ni rahisi kuliko kusema "nimefulia". Mpe nafasi ya kusema ukweli bila kumzomea. Akisema, mna pa kuanzia, hata kama ndoa itasogea mbele.

Lakini akikataa kutaja mwezi, akakataa kibubu, na hana la kueleza, basi dada, tatizo halipo uwanja wa ndege. Waite wazee waliopokea posa, waeleze kwa heshima, wao wazungumze na wazee wenzao. Usibaki kupiga hesabu za miaka peke yako chumbani.

Ukipata jibu niandikie, na wasomaji wengine mlio mbalimbali na wapenzi wenu pia niandikieni: nani hulipa nauli kwenu? Tukutane mwezi ujao. Tupendane!