Kura Haipotei, Hupotezwa

Kuna maneno mawili ambayo vijana wa Kilwa tumeyasikia mpaka masikio yameota sugu: "Umepoteza kura." Unaambiwa barazani Kivinje, unaambiwa ndani ya basi la Nangurukuru, unaambiwa hata na baba mdogo anayekupenda kabisa. Kosa lako ati ni kumpigia mtu asiyeshinda, kana kwamba ulitumwa gengeni ukadondosha noti njiani kwa uzembe wako. Mimi nakataa. Kura haidondoki yenyewe. Inaangushwa, na anayeiangusha ni sheria tuliyorithi kwa Mwingereza: wa kwanza jimboni achukue vyote, wa pili arudi nyumbani mikono mitupu, hata wakipishana kura moja.

Tuanze na kwetu. Mwaka 2015 mkoa wa Lindi ulikuwa na majimbo manane. Manne yalikwenda CUF: Kilwa Kaskazini, Kilwa Kusini, Mchinga na Liwale. Manne yakaenda CCM, likiwemo Lindi Mjini, ambalo mwaka 2010 lilimchagua Salum Barwany wa CUF, mlemavu wa ngozi wa kwanza Tanzania kupewa ubunge wa jimbo na wananchi. Nusu kwa nusu. Ukaja mwaka 2020: CCM manane, upinzani sifuri. Selemani Bungara, yule "Bwege" aliyewachekesha wabunge huku akiwachoma, alikwishahamia ACT-Wazalendo, na Kilwa Kusini ikamponyoka. Sasa nauliza, wale watu wa nusu ya mkoa walikwenda wapi ndani ya miaka mitano? Walipanda mashua wakahamia Ngazija? Wapo. Nawaona Masoko wakipatana bei ya pweza, nawaona wakisubiri malipo ya ufuta. Ila bungeni hawakubakiwa hata na mguu wa kiti.

Utasema 2020 ilikuwa na mambo yake. Ilikuwa nayo, nami nitafika huko. Lakini tazama 2015, uchaguzi wenye ushindani wa kweli. CCM ilipata kama asilimia 55 ya kura za wabunge nchi nzima, ikaondoka na zaidi ya asilimia 70 ya majimbo. Tofauti ile ni kura za watu. Na wanaoumia si wa chama kimoja tu, maana mwana-CCM wa jimbo lililokwenda CUF naye aliambiwa kapoteza kura.

Ng'ambo ya maji, Unguja na Pemba, jambo hili lilikwisha kutokea kwa ukali zaidi. Julai 1963 chama cha ASP kilipata kama asilimia 54 ya kura, kikaambulia viti 13 kati ya 31. ZNP na ZPPP wakaungana kwa viti 18, wakaunda serikali. Uhuru ulikuja Desemba, na Januari 12, 1964 yakawa Mapinduzi. Sisemi hesabu ya kura peke yake ndiyo iliyoleta Mapinduzi. Nasema watu waliokuwa wengi sandukuni wakawa wachache barazani hawalali usingizi.

Sasa niende kwa Wajerumani, na usiniulize wanahusiana nini na Kilwa. Kivinje tuna Mwembe Kinyonga, walipowanyonga watu wetu, akiwemo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Nandete, milima ya Matumbi, ndiko pamba ilikong'olewa mwaka 1905 Maji Maji ikaanza. Vita ile ilikuwa bado inamaliza watu kwa njaa pale Wajerumani kwao walipopiga kura ya bunge, Januari 1907. Na ugomvi mkubwa wa uchaguzi ule ulikuwa makoloni, hasa fedha za vita vya Namibia ambazo bunge lilikuwa limezikataa. Chama cha SPD, kilichozipinga fedha hizo, kilipata kura nyingi kuliko chama chochote, kama asilimia 29, tena kikaongeza kura kuliko uchaguzi wa nyuma. Viti vyake vikaanguka kutoka 81 hadi 43. Kura zimepanda, viti vimeshuka! Naam, hata huko, waliokataa fedha za kuulia Waafrika waliambiwa wamepoteza kura.

Mwaka 1919 wakaibadili hesabu: chama kipate viti kwa kadiri ya kura zake. Wakapita kwenye balaa la Hitler, na walipojenga upya hawakurudi kwenye hesabu ya zamani. Nchi yao leo imegawanyika katika majimbo makubwa, kila moja na bunge na serikali yake. Chukua jimbo la Thuringia, lililochagua bunge lake Septemba 1, 2024. Mpiga kura ana kura mbili: moja ya mtu wa eneo lake, moja ya chama, na hiyo ya chama ndiyo inayogawa viti. AfD ilipata asilimia 32.8, viti 32. CDU asilimia 23.6, viti 23. BSW 15.8, viti 15. Linke 13.1, viti 12. SPD 6.1, viti 6. Jumla 88. Walioshindwa kufika asilimia tano walibaki nje, kwa hiyo hata huko zipo kura zinazomwagika. Lakini mwaga kijiko, usimwage sufuria.

Mzee mmoja wa kijiweni kwetu alinibana: "Mwanangu, si ndiko huko walikoongoza wale wanaochukia wageni?" Ndiko, mzee wangu. AfD ya Thuringia imetajwa na idara ya usalama ya jimbo lenyewe kuwa ni ya siasa kali. Lakini sikiliza. Kwenye zile kura za mtu wa eneo, ambazo ni hesabu kama yetu, AfD iliongoza maeneo 29 kati ya 44. Kwa sheria ya Kilwa, theluthi ya kura ingewapa theluthi mbili ya bunge! Hesabu ya uwiano ndiyo iliyowabakisha kwenye theluthi yao. CDU, BSW na SPD wakakaa mezani na viti 44, nusu kamili ya bunge, na Desemba Mario Voigt akachaguliwa kuongoza serikali ya jimbo. Serikali dhaifu? Pengine. Inalazimika kusikiliza, basi.

Na hesabu hii si ngeni kwetu. Katiba yetu yenyewe inagawa viti maalumu vya wanawake kwa uwiano wa kura za wabunge, kwa chama kilichofika asilimia tano. Kumbe tunaijua! Kwa nini basi iishie kwenye viti maalumu tu?

Lakini hesabu nzuri haisaidii kitu jina likikatwa kabla karatasi haijachapwa. Mwaka 2020 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi, na wabunge zaidi ya 20 wa CCM wakapita bila kupingwa, Ruangwa ya mkoani kwetu ikiwemo. Oktoba 2025 CHADEMA ilikuwa nje ya uchaguzi, Tundu Lissu rumande kwa kesi ya uhaini, damu ikamwagika barabarani, na urais ukatangazwa kwa karibu asilimia 98. Watanzania ninaowajua mimi hawajawahi kukubaliana asilimia 98 hata juu ya Simba na Yanga. Kwa hiyo dai ni moja lenye miguu miwili: mlango uwe wazi, na kila aliyeingia ahesabiwe.

Wenzangu wa jarida hili mtaniuliza, siasa zinatafuta nini kwenye ukurasa wa hadithi? Mimi nimeishia kidato cha nne, nina madaftari matatu ya riwaya chini ya kitanda, na nimejifunza jambo moja: ukimfuta kila mhusika aliyeshindwa, hadithi inakwisha ukurasa wa pili. Kazi yetu ni watu wote. Basi tusiandike mapenzi ya Dar peke yake huku wa nyumbani wanafutwa.

Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalumu mwaka 2014, na kura ya maoni haikupigwa. Siku mjadala utakapofunguliwa tena, mimi nitakwenda na dai hili: kila Mtanzania apewe kura ya pili, ya chama, na viti vya Bunge vigawanywe kwa hiyo. Na kuanzia leo, mtu akikwambia umepoteza kura, muulize ni nani aliyeipoteza.