Mtunza mzee aelimishwe, naye asikilizwe

Mwalimu mstaafu aliyefundisha hesabu kwa miaka thelathini anapoanza kushindwa kuhesabu chenji dukani, mtu wa kwanza kuliona jambo hilo si daktari. Wala si mwanawe mtumishi wa Serikali aliye mjini, ambaye hutuma fedha kila mwisho wa mwezi na kupiga simu siku ya Jumapili. Anayeliona ni binti anayempikia uji, mjukuu anayelala naye nyumba moja, au mkwe anayemfulia nguo. Hao ndio wanaojua kwamba Babu ameuliza swali lile lile mara nne kabla ya adhuhuri, na kwamba juzi majirani walimrudisha baada ya kupotea katika njia aliyoipita maisha yake yote. Lakini hawajui maana ya hayo wanayoyaona, kwa kuwa hakuna aliyewafundisha. Na hata wakisema, ni nani atakayemsikiliza mtumishi wa nyumbani?

Hapo ndipo penye kasoro, na hapo ndipo panapostahili kurekebishwa. Maradhi yanayoharibu kumbukumbu na fahamu, ambayo wataalamu huyaita demensia, na ambayo aina yake inayowapata watu wengi zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, si ya nchi za mbali peke yake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Anayedhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu yafaa aitazame Hai, mkoani Kilimanjaro. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya wilaya hiyo, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba katika kila wazee 100 waliotimiza miaka 70 na zaidi, kiasi cha 6 walikuwa na maradhi haya.

Ni kweli kwamba uzee huja na usahaulifu wake. Mzee anayesahau alipoliweka jembe, kisha akalikumbuka baadaye, hana ugonjwa. Wa kuangaliwa ni yule anayefika shambani na jembe mkononi asijue amefuata nini. Dalili za mwanzo hazina kishindo. Mzee husahau mazungumzo ya asubuhi ilhali anasimulia vizuri habari za ujana wake. Hukosa majina ya vitu vya kila siku. Kazi aliyoizoea, kama vile kusonga ugali au kugawa fedha za matumizi, humchanganya katikati. Huficha kitu, akasahau alipokificha, kisha akawashutumu watu wa nyumbani kwamba wamemwibia. Mtu mpole huwa mkali, na mcheshi hujitenga na wenzake. Dalili moja ya siku moja si hoja. Zinapokuwa nyingi, na zikaendelea kuzidi mwezi hata mwezi, mzee apelekwe kituo cha afya.

Yuko atakayeuliza: ina faida gani kuutambua mapema ugonjwa usiokuwa na dawa ya kuuponya? Swali hilo ni la haki, na majibu yake ni zaidi ya moja. Kwanza, si kila kinachofanana na demensia ni demensia. Sonona, upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, na hata baadhi ya dawa, huweza kuvuruga akili ya mzee, na mengi katika hayo hutibika. Tena mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa siku mbili au tatu, huenda ana maambukizi yanayotaka matibabu ya haraka. Pili, mgonjwa aliyetambuliwa mapema bado anaweza kusema mwenyewe shamba lake liwe la nani, pensheni yake ishikwe na nani, na angependa kutunzwa wapi. Familia nyingi hugombana kwa sababu maswali hayo yaliulizwa wakati mzee hawezi tena kujibu.

La tatu ni zito zaidi. Katika baadhi ya sehemu za Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu ulioletwa na moshi wa miaka mingi jikoni. Bibi anayetoka usiku asijue aendako, anayesema peke yake, au anayeingia katika ua wa jirani akidhani ni kwake, amesimama karibu sana na hatari hiyo hiyo. Pale ambapo mtunzaji anaweza kuwaambia majirani kwa uhakika kwamba huyu ni mgonjwa, elimu hiyo huweza kuokoa maisha.

Kwa bahati njema, nchi haianzi patupu. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu mwaka 2003. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, watu watakaopita nyumba kwa nyumba. Huko Hai kilikwisha jaribiwa kipimo kifupi kisichomtaka mzee ajue kusoma wala kuandika: hutakiwa kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, kukumbuka maneno aliyotajiwa, na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kipimo cha namna hiyo hakihitaji mashine. Kinahitaji mtu aliyefundishwa, pamoja na mtunzaji aliyeelekezwa ampeleke mzee kwake.

Kwa hiyo hapana budi mafunzo haya yaingizwe katika kazi ya wahudumu hao, nao wayafikishe majumbani kwa lugha nyepesi: dalili ni zipi, zikionekana aambiwe nani, na mzee asemeshwe vipi bila kugombezwa wala kuchekwa. Watumishi wa nyumbani wasisahauliwe, kwani wengi wao hukabidhiwa wazee pasipo maelezo yoyote.

Walimu nao wana sehemu yao. Jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la tiba la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi haya huenda yakazuilika au yakacheleweshwa, na miongoni mwa mambo 14 yaliyotajwa kuchangia ni elimu haba utotoni, pamoja na shinikizo la damu, kisukari, na upungufu wa kusikia na wa kuona usiotibiwa. Kila mtoto anayebakizwa darasani leo anawekewa akiba ya uzeeni. Aidha, mkutano wa wazazi shuleni ni mahali pazuri pa kuzungumzia afya ya babu na bibi wanaolea wajukuu.

Na mtumishi wa Serikali anayetuma fedha nyumbani? Anafanya vyema, na aendelee. Lakini fedha haziulizi maswali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwahesabu wazee wasiojiweza kuwa ni miongoni mwa wachache wenye haki ya kutegemea jasho la wengine, na kutegemewa huko hakuishii kwenye posho ya mwezi. Apigapo simu Jumapili, baada ya kumsalimu mzee, amwombe pia yule binti anayepika uji, amwulize mambo ameyaonaje wiki hii, na asikilize mpaka amalize. Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Linapoanza kuharibika kwa mzee mwenyewe, huyo binti ndiye atakayekuwa wa kwanza kulisikia.