Mazoezi si ya Vijana Peke Yao

Katika mji wa Sumbawanga, na katika vijiji vyote vya uwanda wa juu wa Ufipa, liko zoea moja ambalo limeota mizizi. Mtu akifikisha miaka hamsini na kitu, jamaa zake humletea kiti. Akistaafu kwa kutimiza miaka 60, kiti hicho hutiwa mto. Wanawe humwambia: “Baba, pumzika, kazi umeifanya ya kutosha.” Wajukuu hutumwa dukani badala yake, na bodaboda huitwa hata kama safari yenyewe haizidi mwendo wa robo saa. Mambo hayo hutendwa kwa heshima na mapenzi, nasi hatuwalaumu wayatendao. Lakini twasema waziwazi kwamba kiti kile chaweza kumdhuru mzee kuliko jembe alilolishika miaka arobaini.

Mfipa wa zamani hakuwa na haja ya kuambiwa habari za mazoezi. Alifukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo ya ntumba ili ardhi ipate rutuba. Wahunzi walijenga malungu, yale matanuru marefu ya kuyeyushia chuma, wakabeba udongo, mawe na makaa kwa mabega yao. Mwenye shughuli katika bonde la Ziwa Rukwa aliteremka kwa miguu kiasi cha meta 1,000, na alipomaliza aliupanda tena mteremko ule ule na mzigo kichwani. Mwili wa namna hiyo haukuwa na nafasi ya kuota kutu.

Leo mambo yamebadilika, na sisi twashukuru kwamba yamebadilika. Lami imefika Sumbawanga kutoka Tunduma. Mashine za kusaga zimewapumzisha mama zetu kutwanga, na penye bomba ndoo haiendi tena mtoni. Hakuna mwenye akili atakayetaka turudi nyuma. Lakini mwili wa binadamu haukuarifiwa kwamba bodaboda imekuja. Bado wadai haki yake ya kutembezwa, na usipolipwa deni hilo kwa hiari, hulidai kwa nguvu, kwa njia ya shinikizo la damu, kisukari na kiharusi.

Wala haya si mambo ya kutishana. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba kiasi cha mtu 1 katika kila 4 alikuwa na shinikizo kubwa la damu, na watu 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Wengi hawana habari ya maradhi hayo mpaka siku wanapoanguka. Na mzee akianguka kwa kiharusi haanguki peke yake. Binti huacha biashara yake amuuguze, ng’ombe huuzwa kwa gharama ya matibabu, na mjukuu hukosa ada. Kwa hiyo afya ya mzee ni mali ya nyumba nzima, nayo yafaa ilindwe kama ghala la mahindi.

Wataalamu wamelijua jambo hili siku nyingi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya watumishi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Dereva alikaa kutwa, na kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa. Ikaonekana kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Hapa petu Tanzania, Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wamechunguzwa na wataalamu, nao wameonekana kutumia zaidi ya saa mbili kila siku katika mwendo na kazi za nguvu, na wazee wao pia wamo katika mwendo huo. Dalili za hatari ya maradhi ya moyo kwao ni chache mno.

Wako watakaosema: “Hayo ni ya mtu aliyeanza ujanani. Mimi nimekwisha chelewa.” Kwao twajibu kwa ushahidi mwingine. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston, Marekani, walitoa habari za wazee dhaifu wa miaka 86 hadi 96, wakaazi wa nyumba ya kulelea wazee, ambao walifundishwa kuinua uzito kwa miguu yao muda wa majuma 8. Wale waliomaliza mafunzo yale waliongeza nguvu za miguu kwa zaidi ya maradufu. Ikiwa misuli ya mtu wa miaka 90 yasikia wito na kuitika, mtu wa miaka 58 pale Chanji au Katandala ana udhuru gani?

Udhuru wa pili ni aibu. Mtu huona haya kuonekana na majirani akienda mbio asubuhi kama mtoto wa shule, na mama huona kwamba jambo hilo halimpasi mtu mwenye wajukuu. Ndugu zetu hao na wakumbuke kwamba Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais na mwenye miaka 45, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilometa 200, ili kuliunga mkono Azimio la Arusha. Heshima yake haikupungua kwa vumbi lile, bali iliongezeka. Tena hakuna asemaye kwamba lazima mtu akimbie. Kutembea kwa haraka kunatosha, na kitenge na viatu vya kawaida vinatosha. Mazoezi hayatozi kiingilio.

Udhuru wa tatu ni wa wakulima, wasemao kwamba shamba limewatosha. Hao wana haki nusu. Kulima, kupalilia na kuvuna ni mazoezi makubwa. Lakini mahindi yakishaingia ghalani, kazi hupungua mpaka mvua za Novemba, na mwili uliozoea kutumika hukaa miezi kadhaa ukilegea. Ndipo mtu akamatapo jembe tena kwa ghafula, akalalamika kiuno. Asiyekaa bure kati ya mavuno na mvua huingia shambani msimu mpya akiwa tayari.

Basi mtu aanzeje? Kwanza, aliyekaa muda mrefu, au mwenye maradhi, aende zahanati apimwe shinikizo la damu na sukari, akaulize apewe kiasi gani. Pili, aanze kwa kidogo. Sumbawanga iko kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na aliyehamia kutoka pwani atahema upesi. Asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali na upepo, kwa hiyo mzee asione vibaya kungoja jua lichomoze. Dakika 10 kwa siku katika juma la kwanza si haba, kisha 15, kisha 20. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, lashauri dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa wastani, hata kwa aliyevuka miaka 65. Pamoja na hayo lataka siku 2 au zaidi za kutia misuli nguvu, na kwa wazee siku 3 za mazoezi yanayosaidia mwili kusimama imara, usianguke. Kuinuka kitini na kukaa mara 10 bila kushika kitu, au kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, ni mwanzo mwema. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu aache mara moja, aende kwa mganga.

Lakini kuanza si kazi. Kazi ni kudumu. Januari huwa na waanzaji wengi na Machi huwa na wachache. Wataalamu wa London waliotangaza uchunguzi wao mwaka 2009 waliona kwamba tendo jipya huchukua kwa wastani siku 66 hata liwe mazoea. Wengine walihesabiwa kufika katika siku 18, na wengine 254. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakuharibu kazi yote. Jambo hili yafaa lishikwe sana, kwa maana wengi huacha kwa sababu ya siku moja ya msiba au ya mvua. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, na wazee wa Ufipa, watu wa malungu, walijua maana ya msemo huo kwa mikono yao. Mtu na achague saa moja isiyobadilika, na amtafute mwenzake. Ni vigumu kubaki kitandani ikiwa jirani anakungoja mlangoni.

Serikali nayo ilikwisha kunena. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa wananchi. Agizo lile lilikuwa jema, lakini siku moja katika mwezi ni kengele tu, si ibada yenyewe. Twaona viongozi wa mitaa na vijiji wana wajibu wa kuongeza mengine. Viwanja vya wazi visigawanywe vikawa maduka. Kandokando ya barabara pawe na njia salama ya waendao kwa miguu, kwa sababu mzee hawezi kushindana na lori. Uwanja wa Nelson Mandela na viwanja vya shule vingefaa kufunguliwa asubuhi kwa watu wazima. Na kila zahanati ingeweza kumpima mzee na kumwandikia mwendo kama inavyomwandikia vidonge.

Mwisho twawaelekea ninyi vijana mnaowapenda wazazi wenu. Msimwondolee baba kila kazi, wala msimnyang’anye mama kila safari. Jioni ya leo, badala ya kumletea kiti, mpeni mkono, mtembee naye mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Na kesho mfanye hivyo tena.