Kisu ya mufuko ku mulango ya makumbusho

Siku moja ya Mungu, baba mumoja wa kazi ya mugodi alipeleka bibi yake na watoto watatu kuangalia makumbusho. Watoto walikuwa wanamuomba tangu masomo ilianza. Ku mulango, zamu akawaambia wafungue mifuko. Mu patalo ya baba kukatokea kisu kidogo cha kukunja, mupini wa mbao, makali yake yamekwisha kuwa membamba juu ya kunolewa.

«Tata, kisu haiingie.»

«Basi niiache wapi?»

«Mi sijue. Hapa hatuchunge bitu ya batu.»

Bibi na watoto wakaingia. Yeye akakaa inje saa mbili, chini ya muti, kisu mu mufuko. Alipotusimulia mambo hayo hakukuwa na kasirani, lakini alisema neno moja ambalo wasomaji wengi wa ukurasa huu watalielewa mara moja: «Kila siku nikitoka ku kazi wananipekua sawa mwizi. Na siku ya kupumuzika tena?»

Kwa mufanyakazi, kisu kile si silaha. Kinakata kamba ya mufuko, kinachuna waya, kinamenya embe, na saa sita kinagawa mukate kwa wenzake. Mutu anavaa patalo ya siku ya Mungu na kisu kimo ndani, hakifikirii, sawa vile hafikirii ufunguo wa nyumba.

Hata hivi, zamu hakukosa kwa kukataza. Vitu vya makumbusho havina vya pili. Tarehe 14 mwezi wa 9, mwaka wa 1975, kule Amsterdam, mutu mumoja aliingia mu makumbusho ya Rijksmuseum na kisu cha mezani, kama kile cha kukata mukate, akapasua mara nyingi picha kubwa ya Rembrandt, ile ya mwaka wa 1642 wanayoiita Walinzi wa Usiku. Mafundi walitumika miezi mingi kuitengeneza. Na mu 1914, kule London, bibi mumoja, Mary Richardson, alipita na kishoka cha nyama chini ya nguo, akaikata picha ya Velázquez, juu ya kukasirikia kufungwa kwa Emmeline Pankhurst, aliyekuwa anadai wanawake wapate haki ya kupiga kura. Mutu akisimama ku mulango, zamu hawezi kusoma roho yake. Anaona kisu tu.

Na kwetu? Fikiri ile misalaba ya shaba ambayo wazee wetu waliyeyusha na kumimina mbele Muzungu hajafika. Ilikuwa feza yao. Wachimbaji wa mambo ya kale waliikuta mu makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, imelazwa pamoja na wafu. Hata bendera ya Katanga ya 1960 iliwekwa misalaba mitatu. Kisu hakitaiumiza sana, ni shaba. Lakini viti vya wafalme wa Baluba ni mbao. Kijana anayependa kuchora jina lake juu ya muti wa muembe, si mubaya, ni kijana tu. Lakini akichora juu ya kiti kile, hakuna fundi atakayekirudisha vile kilikuwa.

Kwa hiyo zamu akatae. Kosa liko ku lile neno lake la pili: hapa hatuchunge. Tunauliza: sababu gani? Mu migodi ya chini ya udongo, mambo haya yalipata dawa tangu zamani. Mutu anatoa jetoni yake yenye namba, anapewa taa. Akipanda, anarudisha taa, anapewa jetoni. Hakuna makelele, hakuna anayeitwa mwizi, na jioni kapita anajua nani bado chini. Jambo ambalo kazi ya mugodi inafanya kila siku kwa mamia ya watu, makumbusho haiwezi kulifanya kwa visu vitano vya siku ya Mungu? Inaomba sanduku moja lenye kufuli, jetoni makumi mawili, na daftari.

Upande wetu pia kuko kazi. Mbele ya kutoka nyumbani, tutoshe vitu vyote mu mufuko. Na tusifiche kisu mu saki ya mama ao mu kartable ya mutoto; wengine wanafanya vile, wanaona ni akili. Siku kitakapoonekana, ni mutoto atakayeulizwa maswali mbele ya watu. Wenye kwenda kutembelea ndugu Ulaya, wajue kama kule kuko makumbusho ambazo hazipokei kisu kabisa, hata kwa kukichunga, na unaweza kukipoteza pale pale. Ku ndege ni sawasawa: kisu kinakaa mu valizi ya chini, hapana mu saki ya mukono.

Yule baba alilipa tiketi tano, yake haikurudishwa. Basi tunaomba jambo moja la mwisho, lisilopita bei ya kopo ya rangi: tangazo juu ya visu liandikwe pia mu Kiswahili, na liwekwe mbele ya mahali pa kulipa, hapana nyuma.