Hadithi za vibeti: mzaha nao unajua uchungu wa kufukuzwa kwenu

Katika hadithi za kubuni za Uingereza kuna viumbe wanaoitwa vibeti: wafupi, wenye ndevu ndefu, mafundi wa kuchimba dhahabu chini ya milima. Hao si watu wafupi tunaoishi nao, wala si Bambuti wa Ituri; ni watu wa hadithi tu. Waandishi wawili wamewafanya wajulikane sana: J.R.R. Tolkien kwa uzito, Terry Pratchett kwa mzaha. Wengi hudhani maneno ya maana yako kwa Tolkien, na kwa Pratchett ni kicheko tu. Wanakosea.

Katika The Hobbit, kitabu cha mwaka 1937, joka Smaug linavamia mlima wa vibeti na kuwafukuza. Waliopona wanatawanyika, mafundi wa dhahabu wanafua vyuma na hata kuchimba makaa ili wapate chakula. Baada ya miaka mingi kiongozi wao, Thorin, anarudi na wenzake 12. Muhami yeyote wa vita anamwelewa. Lakini joka linauawa likiwa linachoma mji wa jirani, na wakaaji waliopoteza nyumba wanapokuja kudai sehemu ya mali, Thorin anawafungia mlango. Aliyefukuzwa zamani hawaoni waliofukuzwa leo. Anapokuja kuomba msamaha kwa rafiki yake Bilbo, tayari anakufa.

Vibeti wa Pratchett wanachekesha. Mkate wao ni mgumu kiasi cha kutumiwa kama silaha, na kwa kuwa wanawake wao pia wana ndevu, wachumba huchukua muda kujua nani ni nani. Lakini wengi wao wamehamia mji mkubwa wa Ankh-Morpork, wanafanya kazi na kupanga nyumba karibu na adui zao wa zamani, majitu ya mawe.

Katika Thud!, kitabu cha mwaka 2005, chuki hiyo inakaribia kuwasha mji. Inatokana na vita vya kale katika bonde la Koom, ambako kila upande unasema ulivamiwa kwa hila. Mwishoni ukweli unapatikana: siku ile wote walikuja kufanya amani, ila ukungu na mvua kali viliwavuruga wakaanza kupigana. Na wapo walioua ili habari hiyo isitoke.

Tolkien anaonyesha jinsi uchungu unavyoweza kufunga moyo wa aliyeonewa. Pratchett anakwenda mbali zaidi: anauliza kama habari ambayo watu wamerithishana juu ya adui ni ya kweli, na nani anafaidika isipochunguzwa. Swali hilo likiulizwa kwa ukali, watu huziba masikio. Likija na kicheko, hata wenye hasira hukaa wakasikiliza.

Kwa hiyo wanaosimulia watoto jioni, nyumbani au kambini, wasiogope hadithi ya kuchekesha. Waangalie tu inamcheka nani: jirani kwa umbo lake, au chuki yenyewe.